Mwalimu wa Wodini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za zamu? Nimeombwa nizungumze kuhusu kuwatuza walimu wa hospitali za wastaafu wa jeshi hapa Marekani, na najua baadhi yenu mmetoka kazini asubuhi hii hamjalala. Mkisinzia sitanuna. Nimewahi kusinzia kwenye mihadhara mizuri kuliko huu.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nilipangiwa mafunzo ya vitendo katika kliniki moja ya VA, yaani idara ya serikali inayowahudumia maveterani. Nikaingia chumbani, nikakuta mzee na mkewe wameketi. Nikamsalimu mzee, nikamwomba tarakimu nne za mwisho za namba yake ya Social Security, kama ilivyokuwa desturi ya pale. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwonyesha mkewe kwa kidole, akasema, "Mwanajeshi ni huyu. Mimi dereva wake tu."

Mwalimu wangu alikuwa nyuma yangu, mama mmoja wa makamo, muuguzi wa miaka mingi. Hakunikaripia. Alivuta kiti, akaketi akimwelekea mke wa yule mzee, akamwuliza: ulitumika lini? Wapi? Ulifanya kazi gani huko? Halafu akanyamaza. Kumbe yule mama alikuwa muuguzi wa jeshi Vietnam. Kwa miaka na miaka alitibiwa kisukari kwa madaktari wengine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza kama amevaa sare. Ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika VA. Nyinyi mnaofanya kazi huko mnajua maana yake: mtu aliyetumika Vietnam akipata kisukari cha aina ya pili, sheria inahesabu kwamba chanzo ni Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyomwagwa misituni. Ana haki ya kudai fidia, na halazimiki kuthibitisha kwamba sumu ilimfikia yeye binafsi.

Maswali yale mwalimu wangu hakuyatunga. Ofisi ya VA inayosimamia mafunzo imeyachapa kwenye kadi ya kuweka mfukoni, na wanafunzi wanagawiwa. Uliwahi kuona mapigano? Ulijeruhiwa? Ulishikwa mateka? Utumishi wako umekuathiri vipi? Kadi nzuri, ninayo hapa. Lakini kadi haimfundishi mtu kunyamaza baada ya kuuliza. Hilo nililiona kwa mwalimu wangu, na hakuna karatasi ya mtihani iliyowahi kunipima nalo.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wengi hudhani hospitali hizi zilifungua milango kwa wanafunzi kwa ukarimu tu. Zilifungua kwa shida. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Wamarekani kama milioni 16 walikuwa wamepita jeshini. Hospitali zao zilikuwa na sifa mbaya, madaktari hawatoshi, na daktari hodari hakutaka kujizika huko. Jenerali Omar Bradley akakabidhiwa mzigo huo, akamtwika upande wa tiba daktari wa jeshi, Paul Hawley. Hawley akamvuta Paul Magnuson, bingwa wa mifupa kutoka Chicago. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: daktari mzuri huenda mahali atakapofundisha na kujifunza, kwa hiyo peleka vyuo vikuu wodini. Tarehe 30 Januari 1946 ikatoka sera iliyozifunga ndoa hospitali na vyuo vya udaktari. Mgonjwa akabaki mikononi mwa VA, chuo kikabeba mafunzo. Hines, kando ya Chicago, ilikuwa miongoni mwa hospitali za mwanzo kabisa. Mwaka huohuo VA ikaanza pia kuwasomesha wanasaikolojia, na fani hiyo nchini humu isingekua vile bila wao.

Leo zaidi ya wanafunzi 100,000 wa fani za afya hupita VA kila mwaka. VA yenyewe husema karibu asilimia 70 ya madaktari wa Marekani wamepata sehemu ya mafunzo yao humo. Kwa hiyo hata wewe ambaye hujawahi kukanyaga VA, yumkini daktari unayempigia simu saa tisa usiku alifundishwa huko kushika kisu.

Mfano ninaoupenda uko Bronx, New York. Rosalyn Yalow, mwanafizikia, alianza kazi katika hospitali ya maveterani ya pale mwaka 1947, na maabara yake ilikuwa stoo ya mfagiaji. Mwaka 1950 akajiunga naye Solomon Berson, daktari aliyekuwa amemaliza mafunzo yake ya ubingwa hospitalini hapohapo. Yule mwanafizikia akamfundisha daktari fizikia, daktari akamfundisha mwanafizikia tiba. Wawili hao wakavumbua njia ya kupima homoni kidogo mno kwenye damu, insulini ikiwa ya kwanza. Berson alifariki mwaka 1972, Yalow akapata Nobeli mwaka 1977. Nani hapo mwalimu, nani mwanafunzi? Mimi nimeshindwa kuwatenganisha.

Na hapo ndipo tuzo zinapopata taabu. VA inayo Tuzo ya David M. Worthen, ya juu kabisa kwa walimu wake, iliyopewa jina la daktari wa macho aliyewahi kuongoza shughuli zake za elimu. Ni tuzo ya kazi ya maisha yote, na sina neno nayo. Ninalolalamikia ni faili zinazofika mezani kwa kamati za tuzo kwa jumla. Nimewahi kukaa kwenye kamati ndogo ya aina hiyo, sitaitaja. Faili lenye makala 80 na mitaala mitatu husomwa kwa heshima. Faili la muuguzi aliyesimama nyuma ya wanafunzi miaka 25 lina kurasa mbili, na ukurasa mmoja ni ratiba ya zamu. Mtu mmoja akauliza, "Huyu amefanya nini hasa?" Hatukuwa na jibu lililoandikwa, kwa sababu wanafunzi wake hawakuwahi kuandika, kama mimi nami nilivyokuwa sijaandika kuhusu mwalimu wangu.

Kwa hiyo naomba barua. Isiwe ya sifa, maana "mchapakazi, mpole, mcheshi" kamati imeshazisoma mia. Andika siku moja: mgonjwa gani (bila jina lake, tafadhali), wewe ulikosea nini, mwalimu alifanya nini, na wewe leo unafanya nini kwa sababu hiyo. Ukurasa mmoja unatosha. Ya kwangu niliiandika mwezi uliopita, nikaanza na yule mzee dereva.

Kadi nimekuja nazo kama hamsini. Ziko pale mezani, kando ya chupa za chai.