Fundi wa friji na watu wa Gigiri

Haya jamani, nyinyi wa nyuma songeni mbele viti viko, asanteni. Niliambiwa niongee juu ya mashirika ya kimataifa na vile dunia inaendeshwa, na najua mkisikia hivyo mnaona tu mabendera na magari meupe. Mimi nitaanzia kwa friji.

Majuzi yangu ilikataa kugandisha, nikaita fundi, akaja na mtungi umeandikwa R134a, akafunga geji kwa ile paipu ya shaba karibu na kompresa, gesi ikaanza kuingia shhh, akaniambia mwalimu, zamani ilikuwa ni R12 tu, saa hii huipati hata ukizunguka tao yote. Nikamuuliza nani aliwakataza. Akacheka, ati hajui, iliisha tu madukani.

Iliisha juu ya Itifaki ya Montreal ya 1987, yaani mapatano ya nchi za dunia, manake hiyo R12 na wenzake zilikuwa zinakula ozoni, ile tabaka inayotukinga na miale mikali ya jua. Na ofisi inayosimamia hiyo itifaki iko hapa hapa Gigiri, Nairobi, kwa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ukipanda matatu ya Ruaka unaipita. Haina jela, haina kiboko. Lakini walioandika itifaki walikuwa wajanja: mwanachama haruhusiwi kufanya biashara ya hizo gesi na nchi iliyobaki nje, alafu nchi kama yetu zikaongezewa miaka 10, na 1990 kukaundwa mfuko wa kuzisaidia kubadilisha viwanda na kufunza mafundi, sasa wewe ubaki nje ufanye nini? Leo wanachama ni 198, yaani kila nchi.

Sasa angalia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Viti 15, watano wana veto, mmoja wao akikataa imeisha. Sisi Wakenya tulikaa huko 2021 na 2022, tuliitoa Djibouti kwa kura 129 kwa 62 tukasherehekea, lakini hicho kiti ni kama kualikwa harusi ukae meza ya mbele na chakula kilishapangwa na wengine. IMF nayo, lile shirika la fedha la kimataifa, msifikirie ni kama sacco, eti mwanachama mmoja kura moja hata kama shea zako ni kidogo. Huko shea ndio kura. Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16 ya kura na yale maamuzi mazito yanataka asilimia 85, pigeni hesabu wenyewe.

Naona kijana hapo anatingisha kichwa, ati wakubwa ndio wabaya. Ngoja kwanza. Oktoba 2021 ICJ, ile mahakama ya The Hague inayoamua kesi kati ya nchi na nchi, ilichora mpaka wa bahari kati yetu na Somalia, sehemu kubwa ya ile tuliyokuwa tunagombania ikaenda kwao, na serikali yetu ikasema haitambui. Tukafanywa nini? Si mko hapa?

Ndio maana shirika lolote likitajwa mimi huuliza tu, ukilikatalia, unaumia wapi?

Nilimwambia fundi hata hiyo R134a iko njiani kupunguzwa, haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto, nchi za hiyo itifaki zilikubaliana Kigali 2016. Akaangalia mtungi wake, akaniuliza, "Na hii mingine mitatu niliyonunua juzi, mwalimu, nitampelekea nani?"

Nikamlipa tu. Haya, maswali, mama wa leso ya kijani anza.