Kidole Hakivutwi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa kriketi, mambo?

Nimekuja na mpira. Upitisheni, kila mmoja aushike. Umewashtua, eh? Gramu 160 hivi, nje ngozi, ndani uzi uliokazwa. Warushaji wakali duniani huupeleka zaidi ya kilomita 140 kwa saa, na uwanja kati ya wiketi na wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilenga mrushaji, ni mita 20 tu. Wetu hapa Mtwara hawafiki huko, ila kidole chako hakina kipima mwendo.

Basi nianze na kidole. Unadaka, mpira unakugonga nchani, kano inayokinyoosha inakatika. Ncha inainama kama mtu anayesinzia kwenye daladala, ukiiambia inuka haiinuki. Hapo utasikia kelele, "Kivute! Kivute!" Jamani, hakivutwi. Huenda mfupa umevunjika na wewe huoni. Changu kilivutwa na mwenzangu mwenye nia njema kabisa. Kitazameni kilivyopinda. Vua pete kabla hakijavimba, kifunge kikiwa kimenyooka juu ya kijiti cha aiskrimu, uende hospitali. Kano ikikatika, gango hukaa wiki 6 hadi 8 usiku na mchana. Ukikikunja mara moja tu, hesabu inaanza upya.

Msuli wa paja ukichanika, tuna ugonjwa wetu wa kuchua. Siku ya kwanza hakuna kuchua wala kukanda kwa maji ya moto, damu itazidi kuvujia ndani. Weka barafu, iviringishe kwenye khanga, dakika 15 hadi 20, kisha funga bendeji na uinue mguu. Barafu mtaipata wapi? Wauza samaki wanayo. Hata zile za ukwaju za watoto zinafaa.

Kichwa hakina mzaha. Novemba 2014 kule Sydney, Phillip Hughes wa Australia alipigwa na mpira shingoni, chini ya kofia ngumu, akafariki siku 2 baadaye. Mchezaji akigongwa kichwani, anatoka, hata akiapa kwamba yuko fiti. Tangu 2019 sheria za kimataifa zinaruhusu kuingiza mwingine badala yake, kwa hiyo kapteni hana kisingizio. Akitapika, akisinzia au akiuliza swali lilelile mara tatu, ni hospitali ya Ligula moja kwa moja. Shingo ikiuma, asiinuliwe mpaka wenye ujuzi wafike.

Haya, mpira wangu uko kwa nani huko nyuma? Njoo nao hapa mbele, na kidole chako, tufunge gango.