Kutoka Mapovu hadi Moli: Kukokotoa Kasi ya Kuzalishwa kwa Gesi

Mabibi na mabwana, tunapotumbukiza utepe wa magnesi ndani ya asidi hidrokloriki, mapovu huanza kupanda papo hapo, na katika silinda ya kupimia iliyofudikizwa majini tunasoma sentimita za ujazo. Lakini mlinganyo wa kemikali hauzitambui sentimita hizo, kwa kuwa wenyewe huhesabu moli tu, yaani kipimo cha wingi wa chembe za dutu.

Tuchukulie kwamba katika sekunde 60 zimekusanyika sentimita za ujazo 48, halijoto ikiwa nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya hewa ikiwa kilopaskali 101.3. Gesi iliyomo si haidrojeni pekee, maana imechanganyika na mvuke wa maji, ambao kanieneo yake katika halijoto hiyo ni kilopaskali 3.2, basi haidrojeni inabaki na 98.1, mradi tumekwisha kusawazisha kimo cha maji ndani na nje ya silinda. Kutoa huku husahaulika mno, na anayekusahau hupata jibu lililozidi kwa zaidi ya asilimia 3, kosa dogo lisilomshtua mtu. Katika hesabu ijayo, anayeandika 25 mahali pa kelvini 298 (yaani 25 + 273) hukosea takriban mara 12, na huyo angalau jibu lake lenyewe humsuta.

Sasa tunaingia katika kanuni ya gesi, PV = nRT, ambapo P ni kanieneo, V ni ujazo, n ni idadi ya moli, R ni namba isiyobadilika 8.314, na T ni halijoto kwa kelvini. Tukizidisha paskali 98,100 kwa mita za ujazo 0.000048, kisha tukagawanya kwa zao la 8.314 na 298, tunapata moli 0.0019, yaani takriban moli 0.000032 kwa kila sekunde. Kwa mujibu wa mlinganyo Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂, moli moja ya haidrojeni hutokana na moli moja ya magnesi na mbili za asidi. Kwa hiyo asidi ilikuwa ikipungua kwa kasi maradufu ya hiyo, na magnesi iliyoliwa katika dakika ile, ambayo moli yake moja ina gramu 24.3, ni gramu 0.046.

Hata hivyo, huo ni wastani tu. Mchoro wa ujazo dhidi ya muda hupanda kwa ukali mwanzoni, kisha hulala, na kasi ya wakati maalumu ni mteremko wa tanjenti, yaani mstari mnyoofu unaougusa mchoro, katika nukta hiyo. Kimo ambapo mchoro unalala huamuliwa na kitendanishi kinachokwisha kwanza, magnesi au asidi, nacho twaweza kukikokotoa kabla ya kuwasha saa. Mwendo wa kufika huko hutegemea ukolezi wa asidi (wingi wake katika maji), halijoto na eneo la metali iliyo wazi, na huo hatuupati ila kwa kupima.