Mizani na Sadaka: Yale Ambayo Watu Wanapaswa Kuyaona kwa Mkristo

Ndugu zangu katika Kristo, wazee wetu, akina mama na vijana, nawashukuru kwa kunialika, na kwa kuwa wengi wenu ni watu wa huku kwetu Usukumani, niseme pia wabeja. Mmeniomba nizungumze juu ya Mkristo kuwa kielelezo mbele ya watu wasioamini kama yeye. Nimelikubali jambo hili kwa hofu, kwa sababu ninayo maisha yangu nyuma yangu, na sehemu ya maisha hayo nitaieleza hapa.

Yeyote aliyewahi kuukaribia mji wa Mwanza kwa meli kabla hapajapambazuka hahitaji kufafanuliwa sana maneno ya Bwana kwamba mji hauwezi kusitirika ukiwa juu ya mlima. Unaziona taa za Igogo, za Bugando na za Kitangiri zimetapakaa katikati ya mawe hata kabla hujaiona bandari. Lakini tujiulize: ni nani kati ya wakazi wa milima ile aliyewasha taa yake ili abiria wa meli amwone? Mmoja anabandika uji wa watoto, mwingine anajiandaa kwenda kazini, na mwanafunzi anamalizia somo lake. Mwanga unaofika ziwani ni mwanga wa shughuli za watu, na ndiyo maana abiria anauamini, akajua kwamba pale pana mji.

Katika Injili ya Mathayo tunakuta maagizo mawili yanayowasumbua wasomaji wengi. Katika sura ya 5 Bwana anasema nuru yetu iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yetu mema, wamtukuze Baba aliye mbinguni. Katika sura ya 6, kwenye hotuba ile ile, anatuonya tusifanye wema wetu machoni pa watu kusudi watutazame. Nimewasikia wahubiri wakilipita jambo hili haraka kwa kusema kwamba tofauti ni nia ya moyo tu. Nia ni kweli, wala siipingi. Hata hivyo, tutazame pia mambo ambayo Bwana anayataja katika sura ile ya 6 kuwa yafanyike sirini, kwa maana ni matatu na yako wazi: sadaka, sala na kufunga. Hakutaja mizani, wala mshahara wa kibarua, wala namna mtu anavyomsemesha mkewe, wala deni la jirani. Sisi tumeyageuza. Sadaka yetu inatangazwa kwa kipaza sauti, jina na kiasi. Mfungo wetu unajulikana mtaa mzima. Maombi yetu yanawaamsha majirani. Lakini mizani yetu tumeigeuzia upande ambao mteja hawezi kuisoma. Tunayaonyesha tuliyoagizwa kuyaficha, na tunayaficha yale ambayo watu walipaswa kuyaona.

Nilipokuwa kijana niliajiriwa kuwa karani wa mizani katika mwalo mmoja, yaani mahali pa kushushia samaki, wa ziwa letu la Victoria. Tajiri niliyemfanyia kazi, ambaye sitamtaja, alikuwa na mitumbwi kadhaa na alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kiti chake mbele na mkono mwepesi wakati wa harambee. Wavuvi wake walilipwa kwa kilo za sangara walizoleta. Niliagizwa kwamba katika kila kreti nipunguze kilo mbili, kwa hesabu kwamba hizo ni za maji na barafu. Wakati mwingine maji yalikuwapo kweli, lakini mara nyingi hayakuwapo, nami niliandika vile vile, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa katika shule ya misheni. Baada ya muda nikagundua kwamba wavuvi walikuwa wamezipa zile kilo mbili jina. Waliziita sadaka. Mtu akitoka kwenye mizani mwenzake humwuliza, “Leo sadaka imekatwa ngapi?” Walisema hivyo bila kucheka, kama mtu anavyotaja kodi.

Siku moja nilimwalika kijana mmoja wa mtumbwini, ambaye hakuwa na dini yoyote, aje ibadani Jumapili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu, “Kaka, kanisa lenu nalifahamu. Linanipimia kila siku.” Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao ni barua inayojulikana na kusomwa na watu wote. Nilikuwa nimeikariri aya hiyo tangu utotoni, na siku zote niliisikia kama sifa, kumbe barua inaweza kusomwa ikakutwa na mabaya. Kijana yule hakuwahi kufungua Biblia. Alichokuwa nacho mkononi ni daftari langu la mizani.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu naamini kwamba hapa kwetu, katika mji unaoishi kwa kununua na kuuza, imani ya mtu husomwa kwanza pale anapopima na pale anapohesabu. Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, tena haisemi kwamba fungu la kumi la faida yake litaitakasa. Mkulima wa mpunga anayelazimishwa kufunga lumbesa, gunia likapandishiwa kilemba juu na kulipwa kama gunia moja, anajua kabisa mnunuzi wake anasali wapi. Mama anayenunua dagaa kwa debe lililobonyezwa kitako anajua pia. Serikali inaikataza lumbesa kwa sheria, lakini Mkristo hakupaswa kumngoja mkaguzi wa vipimo.

Kuhesabu nako kuna uzito wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafariki. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Sisemi haya kumhukumu mtu yeyote, kwa kuwa humu ndani huenda wamo waliozika ndugu zao, na mbele yao nanyamaza. Nasema kwa ajili ya wenzetu walio wakata tiketi, manahodha na wenye mitumbwi ya kuvushia watu visiwani: kumwambia abiria kwamba chombo kimejaa, huku nauli yake ameishika mkononi, ni ushuhuda wa Kikristo kamili, hata kama jina la Yesu halikutajwa pale gatini.

Kwa wale wanaodhani kwamba pasipo mhubiri imani haiwezi kuenea, ninayo historia ya hapa hapa jirani. Mwishoni mwa mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, waliondoka Buganda wakaja upande huu wa kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, ambayo wengi wenu mmekwenda kuhiji. Hawakurudi Buganda hadi mwaka 1885. Kwa hiyo, katika miaka ile, walimu walikuwa huku kwetu, na kule ng'ambo wakabaki waamini wachanga, wengine wakiwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, ndani ya jumba la mfalme. Miongoni mwao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa jumba hilo, aliyewaongoza wenzake na kuwalinda vijana waliokuwa chini yake. Mapadre waliporejea walikuta waamini wameongezeka. Tarehe 15 Novemba mwaka ule wa 1885, Balikuddembe aliuawa baada ya kumkemea mfalme, Kabaka Mwanga, kwa kumwua Askofu Hannington, aliyekuwa Mwanglikana. Naomba tulione hili vizuri: Mkatoliki alitoa uhai wake kwa kuitetea haki ya mtu wa kanisa jingine. Kila ninapopita njia ya Bukumbi nawawaza mapadre wale wakitazama maji, wasijue kwamba kazi yao inaendelea mikononi mwa vijana wa jumbani.

Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Agizo hili tunalitumia mno kujiandaa kwa majibu, tukasahau kwamba jibu linangoja swali. Mtu huuliza anapoona kitu ambacho hesabu zake hazikielezi. Ikiwa miaka inapita na hakuna mteja, jirani wala mfanyakazi aliyewahi kutuuliza, basi tuyachunguze maisha yetu kabla ya kuongeza vipaza sauti.

Niliiacha kazi ile ya mizani, lakini kuacha peke yake hakukunipa amani. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakusema tu kwamba hatatoza tena kwa hila. Alisema atarudisha, mara nne, mbele ya watu wale wale waliokuwa wakinung'unika. Sikuwa na mali ya kurudisha mara nne, na wavuvi walikwisha kutawanyika, wengine Musoma, wengine Sengerema, wengine wamefariki. Nilitafuta niliowaweza. Miaka mingi baadaye nilielekezwa kwamba yule kijana wa mtumbwini anaishi Ukerewe, naye sasa ni mzee mwenye wajukuu. Nilivuka nikiwa na fedha ndani ya bahasha, nikamkuta anashona wavu chini ya mwembe. Nilimwambia hizi ni zile kilo mbili mbili, kwa kadiri ninavyokumbuka, na kwamba najua hazitoshi. Alizihesabu polepole, akaziweka kwenye mkeka, akaniuliza ni kitu gani kimenivusha maji baada ya miaka yote ile. Nikavua viatu, nikaketi, nikaanza kumweleza.