Kitufe cha Kulia: Gemu ya Mwaka 1994 Kwenye Simu ya Leo

REHEMA: Kabla ya yote, kwenye gemu umefika wapi?

SALUM: Nimekwama, dada. Nimo kiwandani, juu kabisa, mlango umefungwa na askari wako chini wananitafuta. Jana nimekaa saa nzima palepale.

REHEMA: Ngazi umeiangalia?

SALUM: Ngoja, ngoja, usinimalizie! Tuwakaribishe watu kwanza.

REHEMA: Haya. Wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Rehema, niko na Salum, na leo kipindi kizima ni gemu moja. Inaitwa Beneath a Steel Sky. Ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Revolution Software, ikatoka mwaka 1994, na sisi tunaicheza kwenye simu zetu hizi za mfukoni.

SALUM: Na kwa ambaye hajawahi kukutana na gemu za aina hii, tuseme mapema: hakuna kukimbizana, hakuna kufyatua risasi. Unaonyeshwa mahali, una kishale. Unabofya kitu, mhusika anakiendea. Unaokota, unachunguza, unajaribu hiki na kile, unaongea na watu mpaka mmoja aropoke jambo unalolihitaji. Fumbo likifunguka, unapita. Lisipofunguka, unalala nalo.

REHEMA: Mwanzoni kuna hadithi imechorwa kama katuni, na aliyeichora ni Dave Gibbons, yule yule aliyechora kitabu cha katuni cha Watchmen. Mhusika mkuu ni Robert Foster. Amelelewa nyikani Australia na watu wanaoishi nje ya miji. Siku moja wanakuja askari na helikopta, wanamchukua kwa nguvu kumpeleka mjini, Union City. Helikopta inaanguka. Foster anatoka mzima, na kabla ya kukimbia anafanya jambo moja: anachomoa bodi ya roboti wake, Joey, anaitia mfukoni.

SALUM: Hapo mimi nilishikwa. Mwili wa Joey umevunjika, lakini Joey mwenyewe, akili yake, maneno yake, yote yamo kwenye kile kibao kidogo.

REHEMA: Eee. Foster akipata roboti mwingine, anamchomeka. Joey anaamka mwilini humo, na anaanza kulalamika kwamba mwili wenyewe haumfai!

SALUM: Halafu mji wenyewe umepinduliwa. Sisi tumezoea matajiri kukaa ghorofa za juu. Union City mafukara na viwanda viko juu kwenye moshi, wenye nacho wako chini kwenye bustani. Sijafika huko, nimesoma tu.

REHEMA: Utafika. Lakini nataka kurudi kwa Joey, kwa sababu swali tulilotumiwa na wengi ni hili: gemu ya kompyuta za DOS, ule mfumo wa zamani wa kabla ya Windows, ya miaka ya diski za flopi, inawezaje kufunguka kwenye simu? Toleo la Amiga, kompyuta nyingine ya enzi hizo, peke yake lilikuja na flopi 15. Simu yangu haina hata tundu la kuchomeka CD.

SALUM: Na hata ukiwa na kompyuta mpya, Windows za leo za biti 64 haziendeshi programu zile za biti 16. Ukibofya faili la zamani unapata ujumbe wa kukataliwa.

REHEMA: Sasa jibu ni Joey. Gemu hizi nyingi zilitengenezwa kwa sehemu mbili. Kuna injini, yaani programu inayosoma na kutekeleza. Na kuna faili za gemu: picha, sauti, mazungumzo, maagizo ya nani aseme nini mlango ukifunguliwa. Injini ndiyo iliyofungamana na kompyuta ya zamani. Faili za gemu hazijali zimo kwenye mashine gani. Kwa hiyo wakatokea watu wakasema, tuandike injini upya, ya mashine za sasa, isome faili zilezile. Hiyo ndiyo ScummVM.

SALUM: Mwili mpya, bodi ileile.

REHEMA: Bodi ileile, haijaguswa! Kazi hiyo ilianza mwaka 2001. Mmoja wa waanzilishi ni Msweden, Ludvig Strigeus, ambaye baadaye aliandika µTorrent, programu ya kupakulia mafaili, na akafanya kazi Spotify, ile huduma ya muziki. Mwanzo walilenga gemu za kampuni ya LucasArts, zile zilizojengwa juu ya mfumo wa SCUMM uliobuniwa kwa ajili ya gemu yao ya Maniac Mansion ya mwaka 1987. Ndiyo maana ya jina. Baadaye wakaongeza injini za kampuni nyingine, moja baada ya nyingine.

SALUM: Nilidhani ni kama DOSBox.

REHEMA: Hapana, na tofauti ni kubwa. DOSBox inaigiza kompyuta nzima ya zamani, na gemu inadhani imo ndani ya mashine ya miaka hiyo. Inafaa, mimi ninaitumia. Lakini kwenye simu unabaki unahangaika na kibodi ambayo huna. ScummVM inaijua gemu yenyewe. Inajua hapa ndipo pa kuhifadhi, hapa mtu anaongea, hapa panatakiwa maandishi.

SALUM: Na hii yetu ni halali, tulisema tulitaje hilo.

REHEMA: Ni halali kabisa. Revolution waliwapa watu wa ScummVM msimbo wa gemu hii, kisha mwaka 2003 wakairuhusu igawiwe bure. Hiyo si kawaida! Kampuni nyingi zinaacha kazi zao zioze kabatini: hawauzi, hawatoi. Hawa walifungua mkono, na leo gemu iko kwenye tovuti ya ScummVM, iko kwenye duka la mtandaoni la GOG bila malipo, iko mpaka kwenye Debian, ule mfumo huria wa kompyuta. Ninawaheshimu sana kwa hilo.

SALUM: Lakini si zote. The Secret of Monkey Island, kwa mfano, inauzwa. Unanunua, halafu faili zake unazisoma kwa ScummVM.

REHEMA: Nunueni, tafadhali.

SALUM: Sasa kuiweka. Mimi nilifanya hivi: nimepakua ScummVM dukani kwa Google, nikapakua gemu, toleo la CD lenye sauti. Ni faili la zip lisilofika megabaiti 100, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Nikalifungua nikaweka vilivyomo kwenye folda yake peke yake. Humo utaona faili kama sky.dsk na sky.dnr. Halafu ndani ya ScummVM unaiambia iongeze gemu, unaionyesha ile folda. Nilipokosea ni kuonyesha lile zip lenyewe kabla ya kulifungua, ikaniambia haioni kitu.

REHEMA: Na Android itakuuliza kama unairuhusu programu ifike kwenye folda hiyo. Ukikataa, haitaona faili hata moja. Haya, kidole sasa.

SALUM: Kidole! Hapa ndipo nilipotaka kukata tamaa. Picha ya gemu hii ina pikseli 320 kwa 200. Vitu vingine ni vidogo kama punje. Ukiweka kidole juu yake, kidole kimefunika kitu na majirani zake wote. Hujui umebofya nini.

REHEMA: Kwa sababu unacheza kama unavyogusa WhatsApp. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni hiyo, unapogusa ndipo panapobofywa. Ya pili, skrini nzima inakuwa kama kile kibao cha kugusa cha laptopu: kidole kinatelezea popote, kishale kinafuata kwa mbali. Kuna alama pembeni mwa skrini ya kubadilishia. Kwa gemu hii namna ya pili ndiyo. Unaweka kidole huku pembeni, kishale kinatembea kule juu taratibu, na jina la kitu linajitokeza kishale kikipita juu yake. Unapapasa chumba kizima bila kukiziba.

SALUM: Nilikuwa sijui hilo mpaka uliponionyesha juzi.

REHEMA: Na jambo la pili ni vidole viwili. Ukigonga kwa kidole kimoja ni kitufe cha kushoto cha kipanya. Ukigonga kwa viwili pamoja ni kitufe cha kulia. Kwenye gemu hii kushoto ni kutazama, kulia ni kutenda. Salum, hili ninalisema nikiwa na sababu.

SALUM: Waeleze.

REHEMA: Mjomba alinunua kompyuta ya mtumba, zile zilizokuwa zinakuja kwenye makontena kutoka Ulaya. Ndani yake mtu aliiacha gemu hii, toleo la maandishi bila sauti. Nilikuwa darasa la sita. Nikaifungua, nikaona katuni, nikaona helikopta ikianguka, nikaingia kiwandani. Na kipanya kilichokuja na kompyuta ile, kitufe chake cha kulia kilikuwa kimekufa.

SALUM: Loo.

REHEMA: Nilikuwa na kitufe cha kutazama tu. Ninabofya mlango, Foster ananieleza mlango. Ninabofya ngazi, ananieleza ngazi. Nilikaa na kamusi ya Kiingereza nikitafsiri kila alichosema, nikidhani jibu limo kwenye maneno. Miezi, Salum! Sikuwahi kupita pale mwanzo. Kisha kompyuta ikaungua, mambo yakaishia hapo.

SALUM: Ukakaa na swali lile mpaka ukubwani.

REHEMA: Mpaka nilipokuwa kwenye daladala la kwenda kazini, na simu mkononi. Nimepakia gemu, nimefika palepale, mlango uleule. Nikagonga kwa vidole viwili. Foster akanyoosha mkono. Machozi yalinitoka mbele ya abiria. Muda wote ule mlango ulikuwa unafunguka.

SALUM: (kimya kidogo) Ndiyo maana umeniuliza habari za ngazi.

REHEMA: Sijasema kitu.

SALUM: Sawa. Tumalizie mipangilio. Skrini za simu ni ndefu, picha ya gemu ni ya umbo la televisheni za zamani. Iacheni na weusi wake pembeni, msiivute ijae, watu wanakuwa wanene kama mitungi. Na washeni ule urekebishaji wa uwiano wa picha, maana picha ya 320 kwa 200 enzi zile ilikuwa inarefushwa kidogo na kioo cha kompyuta.

REHEMA: Wekeni sauti na maandishi pamoja. Waigizaji wengi ni Waingereza, wengine wanameza maneno. Ukisoma huku unasikia, hupotezi kitu.

SALUM: Na kuhifadhi? ScummVM inajihifadhia yenyewe kila baada ya dakika tano.

REHEMA: Usiitegemee hiyo peke yake. Hifadhi wewe mwenyewe, kwenye nafasi tofauti tofauti, kwa sababu Foster anaweza kufa. Ukiwa na akaunti ya Google Drive au Dropbox, unaweza kuiunganisha, ukacheza kwenye simu mchana na kuendelea kwenye kompyuta usiku palepale ulipoishia. Mimi ndivyo nilivyoimaliza.

SALUM: Hivi wale wafanyakazi mle ndani wanatembea wenyewe? Hata mimi nisipofanya kitu?

REHEMA: Wenyewe! Revolution waliuita mfumo huo Virtual Theatre, waliuanza mwaka 1992 na gemu yao ya Lure of the Temptress. Wahusika wana shughuli zao, wanakwenda wanarudi. Ukimtaka mtu na hayupo, subiri. Ukitaka asikuone, subiri pia. Kwa mtu aliye kwenye foleni ya magari kubwa, hakuna gemu inayomfaa zaidi. Haikukimbizi, haikudai intaneti, haikuletei tangazo. Ukishuka kituoni unaizima, na jioni Foster bado amesimama pale ulipomwacha.

SALUM: Kuna mwendelezo wake nao, Beyond a Steel Sky, wa mwaka 2020.

REHEMA: Upo, na tutaufikia wiki nyingine. Kwanza wewe umalize huu.

SALUM: Ninayo hapa mezani, imefunguka. Askari bado wako chini. Ninasogeza kishale... ngazi... pana kitu hapa kwenye ngazi kina jina lake peke yake.

REHEMA: Enhe.

SALUM: Nimekigonga kwa kidole kimoja, anasema kimelegea.

REHEMA: Vidole viwili, Salum.