Jens Voigt, mtu wa kukata upepo

Haya jamani karibuni. Leo naongelea Jens Voigt, na niseme mapema kabisa, huyu jamaa hajawahi kushinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya wiki tatu kule Ufaransa, hata kukaribia hakukaribia, ila ukiniuliza mwendesha baiskeli gani nimempenda kuliko wote nakutajia yeye hujamaliza hata swali.

Kazaliwa 1971 Ujerumani Mashariki, kaanza Tour mara 17, na muda mwingi kazi yake ilikuwa kukata upepo. Yaani ukijificha nyuma ya mwenzako nguvu inayokutoka ni ndogo, sasa lazima kuna mtu akae mbele aumie ili kapteni afike mlimani miguu bado mibichi, na kapteni wao Carlos Sastre alipobeba Tour ya 2008 Voigt alikuwa mmoja wa walioumia kwa ajili yake. Siku akiachiwa uhuru anachomoka mapema, ndo alivyoshinda hatua moja (yaani mbio za siku moja ndani ya Tour) 2001 na nyingine 2006.

Lakini mi nataka tukae kwenye Tour ya 2010, milima ya Pyrenees. Anashuka mlima wa Peyresourde kwa kasi, tairi la mbele linapasuka, anaburuzika kwenye lami, damu kila mahali, baiskeli imevunjika na magari ya timu yake yashapita. Nyuma linakuja lile gari la kuokota walioshindwa, wanamwambia panda. Akakataa! Mwaka mmoja kabla alianguka vibaya kwenye Tour hiyohiyo akapelekwa hospitali, kwa hiyo safari hii hataki kabisa kusikia habari ya gari. Baiskeli pekee iliyopatikana ilikuwa ya mtoto, ndogo, ya njano, pedali za zamani zile za mikanda, na akaipanda hivyohivyo, limtu lizima magoti yanakaribia kifua, akateremka nayo mpaka alipokuta baiskeli yake ya akiba imeachwa kwa polisi barabarani. Na Paris akafika.

Kustaafu nako alistaafu kivyake. Tarehe 18 Septemba 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 43, aliingia uwanja wa baiskeli wa Grenchen kule Uswisi kujaribu rekodi ya saa moja, unazunguka peke yako dakika 60 basi, akamaliza kilomita 51.11, rekodi mpya ya dunia. Wiki sita baadaye mwendesha baiskeli wa Austria, Matthias Brändle, akaivunja, ila Voigt alishatundika baiskeli akiwa ndiye anayeishikilia.