Dhahabu ya Altare na Kitambaa cha Maji

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, wazee wetu, na ninyi akina mama na vijana mnaoshika zamu ya usafi wa kanisa: nyinyi ndio hasa niliokuja kuzungumza nanyi jioni hii.

Altare kongwe za nakshi, zile zilizofunikwa dhahabu, haziharibiwi na uzee peke yake. Nyingi huharibiwa na watu wanaozipenda, wenye ndoo ya sabuni na kopo la rangi ya dhahabu.

Hebu tuangalie dhahabu ile inavyokaa. Fundi wa Ureno au Hispania akishachonga mbao, aliipaka gundi ya ngozi, kisha tabaka baada ya tabaka za unga wa jasi uliokorogwa kwa gundi hiyohiyo, akisugua mpaka mkono usihisi mkwaruzo. Juu yake udongo mwekundu. Ndipo akalowesha kidogo, akalaza jani la dhahabu, jembamba hata pumzi yaweza kulipeperusha. Likikauka, akalisugua kwa jiwe laini la akiki likang'aa. Sasa mwaona hatari iko wapi: kinachoishika dhahabu ni gundi inayolegea kwa maji. Pitisha kitambaa kilicholowa, wekundu wa udongo unachungulia. Sugua tena, unafika kwenye weupe wa jasi, na kazi ya fundi imekwenda na maji ya ndoo. Nawasihi, vumbi la altare liondolewe kwa brashi laini, kavu, basi.

Na rangi ya kopo mara nyingi ni unga wa shaba. Baada ya miaka hugeuka kahawia, na kuibandua bila kuumiza dhahabu iliyo chini ni kazi ngumu mno.

Hapa Mombasa tuna pia hewa ya bahari. Masika mbao hunywa unyevu ikavimba, kaskazi ikasinyaa. Jasi haiifuati, hivyo hupasuka na kubanduka. Mkiona chini ya nguzo vumbi laini kama unga wa muhogo, msilifagie mkanyamaza. Dumuzi yumo ndani anakula. Pigeni picha, mwiteni fundi anayejua mbao kongwe.

Wapo wanaosema Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza altare za zamani zibomolewe. Haukuagiza hivyo. Hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ibara ya 126, inawataka maaskofu wawe macho, vifaa vitakatifu na kazi za thamani zisiuzwe wala kutawanywa.

Mchango wa ukarabati ukipatikana, msianzie kwenye dhahabu. Februari 2025, kule Salvador, Brazil, dari la kanisa la São Francisco, mashuhuri kwa nakshi zake za dhahabu, liliporomoka na kumuua mwanamke kijana aliyekuwa akilitembelea. Pandeni kwanza juu ya paa. Kagueni mabati, vigae na mifereji kabla ya masika.